Kimoyomoyo: jinsi ubongo unavyosema mdomo ukiwa umefungwa

Hotuba iliyotolewa Lubumbashi mbele ya wazazi, walimu na wauguzi

Jambo yenu wote, wababa na wamama, walimu wetu, wauguzi, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti.

Tuanze na kambisti. Kila mmoja wetu amewahi kusimama mbele ya meza yake kandokando ya barabara, akimtazama anavyohesabu. Amepokea dola, sasa anatoa faranga: noti 56 za 5,000. Kidole gumba kinasukuma noti moja baada ya nyingine, macho hayatoki kwenye kitita, midomo inacheza kidogo bila sauti. Amefika 31, mpita njia anamrushia swali: "Leo dola mia ni ngapi?" Hajamjibu. Amemsikia tu. Lakini hesabu imekwisha kukatika. Anakusanya noti zake na kuanza upya kwenye moja.

Kimekatika nini pale? Vidole havikuchoka, macho hayakuingia giza. Kilichokatika ni sauti, ile iliyokuwa ikisema ishirini na tisa, thelathini, thelathini na moja, bila mtu mwingine kuisikia. Kiswahili kina neno lake zuri: kimoyomoyo. Tunasoma kimoyomoyo, tunasali kimoyomoyo, na mkwe akituudhi mezani tunamjibu kimoyomoyo. Lugha yetu imeiweka moyoni. Leo tutaifuata hadi inakotengenezwa, yaani kichwani, na kwa watu wengi ni upande wa kushoto, kuanzia kwenye panja hadi nyuma ya sikio.

Jambo tunalotaka mlishike mapema ni kwamba kusema kimoyomoyo ni kusema kweli kweli. Ubongo unafanya karibu kazi yote ya kusema, halafu unafunga mlango wa mwisho. Ukilielewa hilo, utamtazama kwa jicho jingine mtoto anayejinong'oneza juu ya daftari, mzee aliyepoteza maneno baada ya kiharusi, na ndugu anayesikia sauti ambazo ninyi hamzisikii. Hao watatu ndio waliotuleta hapa.

Tujaribu kitu. Fungueni midomo wazi kabisa, kama mbele ya munganga wa meno, ulimi utulie chini. Msifunge. Sasa semeni kimoyomoyo, polepole: baba, bibi, mapema, bembea. Wengi wenu mmehisi midomo ikitaka kukutana, kama mtu anayeivuta kwa uzi. Herufi b, m na p haziundwi bila midomo kugusana, na amri ya kuikutanisha imetoka kichwani ingawa hamkukusudia kutoa sauti.

Edmund Jacobson, munganga wa Chicago, alilipima jambo hili katika miaka ya 1930. Aliweka vipande vya waya kwenye midomo na ulimi wa watu waliojilaza wakiwa wametulia kabisa, akawaomba wahesabu kimoyomoyo. Misuli ilitoa umeme mdogo mno, usioonekana kwa macho, lakini ulikuwepo. Kabla yake, mwanasaikolojia John Watson alikuwa amekwenda mbali zaidi: alidai kwamba kuwaza si kitu kingine ila misuli ya koo ikitikisika. Dai hilo lilimalizwa mwaka 1947 na munganga wa ganzi wa Marekani, Scott Smith, ambaye mwenyewe alikubali kudungwa dawa ya kurare hadi mwili wote ukapooza. Hakuweza kufumbua jicho wala kuvuta pumzi. Wenzake walikuwa wakimpulizia hewa. Dawa ilipoisha alisimulia yote yaliyosemwa na kufanywa karibu naye, na akaeleza kwamba akili yake haikuzimika hata dakika moja. Kwa hiyo misuli si chanzo. Ni mahali ambapo amri inavuja.

Chanzo kiko juu zaidi. Tuchukue neno moja na kulifuata. Unatoka uani, unaona moshi ukipanda kutoka kwenye mbabula, na kichwani linapita neno: moshi. Vipimo vilivyofanywa kwa watu wanaotaja majina ya picha vinatuonyesha mwendo wake. Katika robo ya kwanza ya sekunde ubongo umekitambua kitu na kulichagua neno lake kati ya maelfu unayoyajua. Kazi hiyo inafanyika zaidi kwenye ubavu wa ubongo, chini ya mfupa ulio juu ya sikio la kushoto. Kufika theluthi ya sekunde, sauti za neno zimepatikana: m, o, sh, i. Karibu na sekunde 0.45 zimefungwa kuwa silabi, mo na shi, tayari kukabidhiwa mdomo. Ungelisema kwa sauti, lingesikika kwenye sekunde 0.6 hivi. Ukilisema kimoyomoyo, linapita njia ileile hadi karibu na mwisho, kisha linazuiwa.

Mpangaji wa silabi hizo anakaa nyuma kidogo ya panja la kushoto, mahali panapoitwa eneo la Broca. Jina hilo limetoka kwa Paul Broca, munganga wa upasuaji wa Ufaransa. Mwaka 1861 alipokea mgonjwa aitwaye Leborgne, mwenye miaka 51, aliyekuwa ameishi zaidi ya miaka 20 katika hospitali ya Bicêtre akijibu kila swali kwa silabi moja, "tan". Alielewa aliyoambiwa. Alihesabu kwa vidole. Alipokufa, Broca alikuta ubongo wake umeharibika mbele upande wa kushoto. Mwaka 1874 Carl Wernicke, wa Ujerumani, alieleza eneo la pili, nyuma, karibu na sehemu inayopokea sauti kutoka masikioni. Mwenye jeraha la huko anaongea bila kukwama, lakini maneno yake hayana maana na ya wenzake hayaelewi. Kati ya maeneo hayo mawili kunapita fungu nene la nyuzi za neva, limepinda kama upinde. Likumbukeni fungu hilo.

Hapa wauguzi tunawaomba jambo moja, na familia zisikie. Mtu aliyepigwa kiharusi akabaki hana neno mdomoni, msiamue kwamba hana neno kichwani. Kuna waliopoteza vyote viwili, na kuna ambao mdomo umefungwa lakini kimoyomoyo wanaendelea kusema. Kujua hakuhitaji mashine. Chora vitu vitatu kwenye karatasi: taa, saa na kisu. Usivitaje. Muulize mgonjwa, majina gani mawili yanaishia sauti moja? Akionyesha taa na saa kwa kidole, ameyasikia majina hayo ndani yake, maana kwenye mchoro hakuna sauti yoyote. Rudia kwa michoro mingine mitano au sita ili usidanganywe na bahati, kwa sababu kati ya vitu vitatu mtu anaweza kubahatisha. Akikosa, usikate shauri palepale. Huenda hakuelewa swali, au haoni vizuri upande mmoja. Akiweza, basi mketi naye, mpeni muda, mumuulize maswali ya ndiyo na hapana, na mwache kuongea juu ya kichwa chake kana kwamba ni mtoto mchanga. Inaumiza kuona mzee mwenye akili zake zote akijadiliwa mbele yake kama mzigo.

Turudi kwenye mlango unaofungwa. Juu ya ubongo, kutoka sikio hadi sikio, umepita ukanda unaotuma amri kwa misuli, na sehemu yake ya chini ni ya mdomo, ulimi na koo. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha kazi yao na watu wanne waliopooza, ambao elektrodi ndogo sana, yaani vipande vya waya vinavyonasa umeme wa ubongo, zilikuwa zimepandikizwa kwenye ukanda huo. Walipojaribu kusema kwa mdomo, seli ziliwaka kwa mpangilio fulani. Walipoombwa waseme kimoyomoyo tu, mpangilio ulifanana na ule wa kwanza, ila ulikuwa dhaifu zaidi. Ni kama redio ileile iliyopunguzwa sauti. Kompyuta iliweza kusoma sentensi hizo, ikifikia usahihi wa asilimia 74 kwa msamiati wa maneno 125,000. Na kwa kuwa mashine ilianza kunasa hata maneno ambayo mtu hakukusudia kuyatoa, waliiwekea kufuli: haisomi chochote mpaka mwenyewe awaze kwanza maneno ya siri aliyopewa. Tunaona walifanya vyema. Chumba hicho ni cha mtu peke yake.

Sasa swali ambalo ndilo kiini cha yote. Kama mdomo umefungwa na hewa haikutikisika, kwa nini unasikia?

Fumba jicho moja. Lile lililo wazi, lisukume taratibu kwa kidole kupitia kope, kwenye kona ya nje. Ukumbi unayumba, sivyo? Toa kidole. Geuza jicho lako mwenyewe kushoto, kulia. Picha imehama ndani ya jicho kuliko hata pale mwanzo, lakini ukumbi umetulia. Mwanasayansi Hermann von Helmholtz aliliwaza jambo hili katika karne ya 19, na mwaka 1950, kwa kuchunguza nzi na samaki, Erich von Holst na Horst Mittelstaedt huko Ujerumani na Roger Sperry huko Marekani walifikia jibu lilelile. Ubongo unapotuma amri kwa misuli ya jicho, unapeleka nakala ya amri hiyo kwenye sehemu inayoona: jiandae, picha itahama, ni mimi ninayeihamisha. Sehemu hiyo inaondoa mwendo huo kwenye hesabu. Kidole kikisukuma, jicho halikuamriwa na nakala haikutumwa, kwa hiyo dunia inaonekana kutikisika. Ndiyo sababu hata mtu hawezi kujitekenya mwenyewe akacheka.

Kusema kuna nakala yake pia. Unapotamka "moshi", amri inakwenda mdomoni, na nakala inakimbia kupitia ule upinde wa nyuzi hadi sehemu inayosikia. Inasema: itakuja sauti hii, kwa urefu huu, ni yetu. Sauti inapofika masikioni inakuta imekwisha kungojewa, na ubongo unaipokea kwa sauti ya chini. Bila hilo, kila mtu angeshtuliwa na kelele yake mwenyewe.

Unaposema kimoyomoyo, mdomo umezuiwa lakini nakala imetumwa. Inafika kwenye sehemu inayosikia na kuwasha kile kilichotarajiwa, na masikio hayaleti kitu. Kinachobaki ni utabiri wenyewe. Ndio unaousikia. Sauti ya ndani ni utabiri wa sauti yako, uliofika bila sauti yenyewe. Kwa sababu hiyo ina lafudhi yako, ina mwendo wako, na ukiwaza ugomvi wa jana inapanda.

Maelezo haya yana ushahidi. Huko Sydney, Thomas Whitford na wenzake walichapisha mwaka 2017 jaribio la kupendeza kwa urahisi wake. Mtu anavaa kofia ya elektrodi. Kwa ishara anayoiona kwenye kioo, anasema kimoyomoyo "ba", na papo hapo masikioni anachezewa sauti halisi, ama "ba" ama "bi". Kwa kawaida ubongo unaipokea sauti kwa wimbi dogo la umeme, kama sehemu ya kumi ya sekunde baada ya kuisikia. Alipowaza "ba" na kusikia "ba", wimbi lilipungua, jinsi linavyopungua mtu anaposikia sauti yake mwenyewe. Alipowaza "ba" na kusikia "bi", halikupungua. Silabi aliyoiwaza ilikuwa imetuma nakala yake, na nakala ilijua tofauti ya a na i.

Kambisti wetu anangoja. Alan Baddeley na Graham Hitch, mwaka 1974, walieleza kwamba akili ina mzunguko mdogo wa kushikilia maneno: sauti inaingia, inaanza kufifia, na sauti ya ndani inaitamka tena ili isipotee. Mzunguko huo unabeba kiasi cha sekunde 2 za maneno. Swali la mpita njia limeingia kwenye mzunguko huohuo na kuisukuma 31 nje. Jaribuni nyumbani: mtu akusomee tarakimu 7, nawe wakati huo useme bila kukoma "la, la, la". Nyingi zitapotea, kwa sababu mdomo umekamatwa na sauti ya ndani imekosa nafasi ya kuzirudia.

Na hapa kuna jambo linalowagusa walimu wa Lubumbashi moja kwa moja. Kinachojaza mzunguko ni urefu wa matamshi. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa: kila jina lina silabi mbili. Kwa Kifaransa, un, deux, trois, quatre hadi neuf, kila jina lina silabi moja. Katika sekunde 2 zilezile, tarakimu za Kifaransa zinaingia nyingi zaidi. Huko Wales ilipimwa mwaka 1980: majina ya tarakimu kwa Kiwelshi yanachukua muda mrefu kuliko ya Kiingereza, na watu wenye lugha zote mbili walikumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelshi, wakati ni vichwa vilevile. Basi mwalimu akimpima mtoto wa Kiswahili au wa Kibemba kwa kumsomea tarakimu, kisha akalinganisha na jedwali lililotengenezwa kwa watoto wa Ufaransa, anapima lugha na kumhukumu mtoto. Tumeliona hilo likiandikwa kwenye karatasi kama udhaifu wa akili, na tunalikataa.

Sauti hii mtu hazaliwi nayo. Inajengwa. Mtoto wa miaka mitatu akicheza na vizibo anajisemea: hili gari, linakwenda Likasi, limekwama. Mwanasaikolojia Jean Piaget, huko Geneva, aliandika mwaka 1923 kwamba maneno hayo ni dalili ya mtoto kutojali wasikilizaji, na kwamba yatakufa akikua. Lev Vygotsky, wa Moscow, aliona kinyume: hayafi, yanaingia ndani. Aliwawekea watoto vikwazo katikati ya kuchora, kama vile kuficha kalamu ya rangi, na maneno ya kujisemea yakakaribia kuongezeka mara mbili. Mtoto mmoja alikosa kalamu ya buluu. Akajiuliza kwa sauti iko wapi, kisha akajijibu kwamba si neno, atatumia nyekundu na kuilowesha maji, itakolea ionekane kama buluu. Tazameni kilichotokea pale: alijisemea ndipo akaona njia. Vygotsky alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37, lakini hoja yake imesimama hadi leo. Kujisemea kunashamiri kati ya miaka 3 na 7, halafu kunakuwa mnong'ono, halafu midomo tu, halafu kimya.

Kwa hiyo mwalimu wa primeri, mtoto akinong'ona juu ya hesabu yake, usimpigie kelele "nyamaza". Unamnyang'anya chombo mkononi. Mwache anong'one kiasi cha kutomsumbua jirani. Kusoma nako kupite njia hiyo: kwanza kwa sauti, kisha kwa mnong'ono, kisha kwa midomo, na kimoyomoyo mwishoni kabisa. Anayerushwa hatua hizo mara nyingi anapitisha macho juu ya mistari bila kusoma kitu. Hata mtu mzima akikutana na sentensi ngumu ya fomu ya benki anarudi kuisoma kwa mnong'ono. Hiyo ni akili inayojua kazi yake.

Na tuseme wazi, maana tunajua kinachotokea katika baadhi ya nyumba na baadhi ya vyumba vya maombi. Mtoto anayejisemea peke yake, anayecheza na rafiki asiyeonekana, si mulozi. Sheria ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto, katika kifungu cha 160, inamwadhibu kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3 yeyote anayemsingizia mtoto uchawi. Mtoto huyo hahitaji kufungiwa wala kunyimwa bukari siku tatu. Anajenga sauti ambayo itamsomesha.

Kabla hatujafika kwa wanaosikia sauti, neno fupi kwa wale ambao mwanzoni hawakuhisi kitu midomoni. Hamna kasoro. Russell Hurlburt, huko Las Vegas, aliwapa watu kifaa kinacholia bila kutarajiwa, nao wakaandika nini kilikuwa kichwani wakati huo hasa. Sauti ya ndani ilikuwepo, kwa wastani, kwenye robo ya nyakati hizo, lakini kwa wengine karibu kila mara na kwa wengine haikuwepo kabisa. Wao wanawaza kwa picha, kwa hisia, au kwa wazo lisilo na maneno. Mwaka 2024 Johanne Nedergaard na Gary Lupyan walionyesha kwamba wasio na sauti ya ndani wanapata shida zaidi kutambua maneno yanayoishia sauti moja na kushikilia orodha ya maneno, lakini maisha yao yanakwenda. Na viziwi waliokulia katika lugha ya alama, wengi wao kimoyomoyo wanasema kwa mikono.

Sasa ndugu yetu anayesikia sauti.

Fikirieni nakala haikufika, au imechelewa, au imefika ikiwa imechakaa. Mtu amesema kimoyomoyo, sehemu inayosikia imewaka, lakini lile neno "ni yetu" halikupita. Anachosikia ni maneno yasiyo na mwenyewe. Ubongo unauliza, nani amesema? Na unatoa jibu: jirani, marehemu, pepo, polisi. Mwaka 1993 Philip McGuire na wenzake huko London walipima mtiririko wa damu kichwani mwa wagonjwa wakati hasa sauti zilipokuwa zinasema. Mahali palipowaka zaidi ni eneo la Broca, la kusema. Mgonjwa anasikia, na wakati huohuo mashine yake ya kusema iko kazini. Maelezo haya hayatoshi kwa kila sauti. Kuna zinazofanana zaidi na kumbukumbu ya jambo la kutisha lililompata mtu, na waliopitia vita wanazijua. Lakini yanatosha kuona kwamba mtu huyo hasemi uongo. Kumwambia "hakuna sauti, acha kujifanya" ni kumwambia aliyesikia kwa masikio yake kwamba hakusikia.

Si kila sauti ni ugonjwa. Kuitwa jina usingizi unapoanza kukuchukua ni jambo la kawaida. Mjane kusikia sauti ya mumewe katika miezi ya matanga ni kawaida pia, na wengi inawafariji. Lakini zipo zisizongoja kesho asubuhi. Sauti zenye homa: mpimeni malaria siku hiyohiyo, maana malaria ikifika kichwani inaua. Sauti kwa mtu aliyeacha lutuku ghafla baada ya miaka ya kunywa, hasa siku ya pili hadi ya nne, akitetemeka na kutokwa jasho: hospitali, usimwache alale ipite. Sauti kwa mama aliyejifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza, akiwa halali usingizi na anasema mambo yasiyoeleweka: hospitali mara moja, na asiachwe peke yake na mtoto. Na sauti yoyote inayoamuru kuumiza, iwe mwenyewe au mwingine.

Namna ya kuuliza ni muhimu kama dawa. Kaa chini, usisimame juu yake. Uliza kwa utulivu: ni sauti moja au nyingi? Ya mtu unayemjua? Inakusema wewe, au inakusemesha? Inakuamuru kufanya kitu? Ukipata ndiyo kwenye swali la mwisho, uliza ni kitu gani, bila kushtuka usoni. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Wengi wamengoja miaka mtu wa kuwauliza.

Munganga akiandika haloperidol, dawa ya kupunguza sauti hizo, familia ijue mambo matatu. Siku za kwanza mtu atatulia au kusinzia, lakini sauti zenyewe zinapungua polepole, kwa wiki kadhaa. Wengi wanaacha dawa wiki ya pili wakidhani imeshindwa. Katika siku hizohizo za mwanzo, vijana hasa, shingo inaweza kukakamaa na kupinda, macho yakapanda juu, ulimi ukawa mgumu. Inatisha, lakini ni dawa inayofanya hivyo, wala si pepo aliyekasirika. Mrudisheni siku hiyohiyo, kuna dawa ya kuiondoa. Na sauti zikinyamaza, dawa haiachwi kwa uamuzi wa nyumbani. Inaendelea angalau miezi 12 baada ya hapo, na inapunguzwa na munganga, kidogo kidogo. Wanaotaka kumwombea wamwombee, tena wamwombee akiwa amekula na amemeza dawa yake.

Kuna jambo moja zaidi, dogo, lisilo na gharama. Kama sauti zinapita kwenye mashine ya kusema, je, tukiishughulisha mashine hiyo? Mwaka 1987 wagonjwa 18 waliombwa wafungue midomo wazi, kama mlivyofanya ninyi muda mfupi uliopita. Kumi na wanne walisema sauti zimeondoka wakati huo. Jaribio jingine baadaye halikuona faida ya kufungua mdomo, ila lilikuta kwamba kuguna wimbo kwa sauti ya chini kunasaidia. Haliponyi, na likiisha sauti zinaweza kurudi. Lakini mgonjwa anayekwenda sokoni, au anayengoja zamu yake kwenye benchi la hospitali, anapata pumziko la dakika chache kwa kitu alicho nacho mwenyewe. Mfundisheni mapema, siku ambayo sauti ziko mbali. Achague wimbo wa kwaya anaoujua tangu utotoni, midomo ifungwe, koo litikisike kiasi cha yeye kuhisi mtikisiko kwa kidole, ubeti mzima, pumzi, ubeti mwingine. Na wewe uliyekaa karibu naye kwenye benchi, mkiwa peke yenu au mbele za watu, guna naye.